Makomredi wa Mzee Fang

Su-ping alipokata kona ya uwanja wa Jumba Jekundu, saa mbili kasorobo asubuhi, alisimama ghafla. Basi dogo alilolikodi lilikuwa pale pale lilipotakiwa kuwa, limeoshwa likang'aa. Lakini aliyekuwa akifuta kioo cha mbele hakuwa Lao Hsu, dereva wake wa siku zote. Alikuwa baba yake mzazi.

Lao Hsu alikuwa ameamka na jongo, kidole gumba cha mguu kimevimba hata kiatu hakiingii. Mkubwa wa gereji, aliyemjua Mzee Fang tangu enzi zake za mabasi ya masafa marefu, akaona amepata nafasi ya kumfurahisha mtu. Akampigia simu mzee kule alikostaafu, akamwambia binti yako ana wageni leo, si umwendeshee? Alifanya kwa nia njema. Kuna watu ambao nia yao njema ikikupata, ni afadhali wangekutukana.

"Mbona hukuwahi kuniambia?" mzee alimuuliza hata kabla ya salamu, uso umemchanua. "Miaka yote hii unabeba makomredi, na baba yako yuko nyumbani anamwagilia maua."

Akaonyesha mbele ya basi, Su-ping akatazama. Nyuma ya kioo mzee alikuwa amebandika karatasi aliyoikuta juu ya kiti: ZIARA YA MAKOMREDI, TAIPEI NA KASKAZINI. Na kwenye kizibao chake, upande wa moyo, kulikuwa na beji ya Chama, kile kilichotawala kisiwa kwa miaka mingi.

Hapo ndipo penye kisa chote. Neno ni tongzhi, yaani komredi. Mzee Fang alizaliwa mtoto wa askari, akakulia kwenye kota za askari, akaingia Chama akiwa na miaka kumi na tisa, na kwake komredi alikuwa mtu aliyekula kiapo mbele ya bendera, basi. Lakini miaka ya karibuni wanaume wanaopenda wanaume, na wanawake wanaopenda wanawake, walikuwa wameliokota neno hilo hilo, wakaliona tamu, wakalifanya lao. Vijana wa mjini wote walijua. Wazee kama Fang, ambao habari zao zilitoka kwenye gazeti la Chama na vikao vya tawi, hawakuwa na taarifa kwamba neno lao limeshahama nyumba. Na kwa kuwa jana yake ilikuwa sikukuu ya taifa, ambapo makomredi wa ng'ambo hurudi kila mwaka kusherehekea, mzee alijumlisha mambo yake na yote yakakubaliana.

Su-ping angeweza kumwambia pale pale. Tena sababu alikuwa nayo. Jumatatu, Yi-chen, ambaye mzee alimjua kama mwenzake Su-ping wa nyumba, aliweka sufuria chini akasema yake. Jumamosi hiyo kungekuwa na maandamano ya makomredi, ya tano tangu yaanze, na watu wengi bado walikuwa wakitembea na barakoa ili ndugu zao wasiwajue. Yi-chen mwaka huu alitaka kutembea uso wazi. "Sikulazimishi utembee na mimi," alisema. "Nataka baba yako ajue kabla ya Jumamosi. Miaka kumi na moja nakula mezani kwake kama mpangaji mwenzio. Asipojua, Jumapili nahama." Yi-chen hakuwa mtu wa kutishia nyau. Maboksi alishayaomba dukani.

Na leo ilikuwa Alhamisi.

Tusimfunike: Su-ping alikuwa mwoga. Kwa wateja wake alikuwa simba. Alishawahi kusimama mapokezini nusu saa nzima akimfokea meneja wa hoteli aliyekataa kuwapa wanaume wawili chumba chenye kitanda kimoja, mpaka ufunguo ukatoka. Safari zake zilikuwa zinajaa kwa sababu hiyo, kwamba ukipanda basi la Su-ping hujifichi mpaka utakaposhuka. Lakini mbele ya baba yake ulimi ulimgeuka jiwe. Akafungua mdomo, abiria wa kwanza akatokea uwanjani, akaufunga.

Abiria walikuwa wanane. Wawili walikuwa wazee wa Hong Kong, Bwana Kuan na Bwana Teng, waliokuwa pamoja miaka thelathini na minane na bado wakigombania dirisha. Wengine walikuwa vijana wanne wa Singapore, wacheshi kupindukia, na walimu wawili wa kike kutoka Penang. Mzee Fang alisimama mlangoni akampokea kila mmoja kwa mikono miwili.

"Karibu, komredi. Karibu nyumbani, komredi."

Abiria waliangaliana. Dereva mwenye mvi kichwa kizima, na heshima yote ile, anawaita hivyo bila kupepesa jicho. Mmoja wa wale walimu, ambaye baba yake hakuwa amesema naye kwa miaka tisa, alishika mkono wa mzee muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akaenda kukaa nyuma kabisa akageukia dirishani. Bwana Teng alimnong'oneza Su-ping akimuuliza dereva huyu amemtoa wapi, maana Hong Kong hakuna wa namna hiyo. Su-ping akacheka kicheko kikavu.

Bwana Kuan alikuwa na kichefuchefu cha safari, kwa hiyo alikaa kiti cha mbele, nyuma tu ya dereva. Laiti angekaa kwingine.

Kawaida, wakitoka mjini, Su-ping hushika kipaza sauti akaanza vichekesho vyake. Huwaeleza ni mabafu gani ya maji moto ya Beitou ambayo wanaume huingia saa tatu wakatoka saa tisa, na ni mama gani wa baa aliyewahi kumfukuza polisi kwa ufagio. Siku hiyo alizungumzia mvua. Alizungumzia urefu wa mahandaki. Alipofika kwenye aina za saruji, Bwana Teng akapaza sauti kutoka nyuma.

"Dada, tusamehe, lakini hatukuvuka bahari kuja kusikiliza saruji. Tuambie ile bustani ya katikati ya mji, walikokuwa wakikutana makomredi wa zamani."

Mzee Fang ndiye aliyejibu, macho yake barabarani.

"Ile bustani, komredi? Ile ulizeni mimi. Nilikuwa pale kila Jumapili, miaka ya sabini. Tunakaa kwenye banda karibu na bwawa, makomredi watupu, mpaka giza linaingia. Marehemu mke wangu alikuwa ananinunia."

Basi zima lililipuka kwa vicheko na makofi. Vijana wa Singapore walipiga miguu sakafuni. Mzee naye alicheka, amefurahi kwamba ng'ambo bado wapo watu wanaoithamini historia. Su-ping alikishika kipaza sauti kwa mikono miwili, akimwomba Mungu yeyote aliyekuwa karibu amfungie kila mtu kinywa hadi jioni.

Hakufungiwa mtu. Barabara ilipoanza kupanda na kujipinda kuelekea Jiufen, mji mdogo wa mlimani, mzee aliamua kumliwaza jirani yake aliyekuwa amebadilika rangi kwa kichefuchefu. Akamuuliza alijiunga akiwa na umri gani. Bwana Kuan akasema, huku akitabasamu, kwamba alijijua akiwa na miaka kumi na tisa. Mzee akasema hata yeye kumi na tisa. Akamuuliza nani alimwingiza. Bwana Kuan akaonyesha nyuma kwa dole gumba: yule pale, mwenye kofia. Mzee akasema kwa dhati kabisa kwamba mtu aliyekuingiza humsahau mpaka kaburini, na Bwana Kuan, macho yamemlainika, akakubali kwamba ni kweli.

"Jumamosi tuna maandamano," akaongeza. "Makomredi wa kila mahali. Ungekuja, Mzee Fang, ungetupa heshima kubwa."

"Maandamano? Na tawi halijaniambia?" Mzee alipiga honi kwenye kona, akaendelea. "Nitakuja. Nitavaa suti. Nitakuja na bendera yetu ya tawi, mimi ndiye naitunza."

Kwenye kioo cha juu macho ya Bwana Kuan yakashuka kwenye kizibao cha mzee, kwenye ile beji, yakatulia hapo. Kisha yakapanda, yakamtafuta Su-ping. Tabasamu lilikuwa limekwisha usoni mwake.

Jiufen ilikuwa inanyesha, kama kawaida yake. Basi lilibaki chini, kwenye maegesho, na abiria wakapanda ngazi za mtaa wa zamani na miavuli yao. Bwana Kuan alimsubiri Su-ping chini ya paa la duka la vitumbua vya magimbi, Bwana Teng ubavuni kwake, mabakuli mkononi hayajaguswa.

"Hajui," alisema Bwana Kuan.

Su-ping akakiri kwamba hajui.

"Na ni baba yako." Jina la Fang alikuwa ameliona kwenye karatasi ya safari, na pua zenu, alisema, hazihitaji karatasi.

Akakiri hilo pia. Akaanza kueleza habari za Lao Hsu na jongo lake, Bwana Kuan akainua kijiko kumzuia.

"Sikiliza, binti yangu. Tangu asubuhi tunamcheka mzee wa watu machoni pake. Sisi hatukujua, wewe ulijua, ukatuachia. Jumamosi atasimama katikati ya maelfu ya watu na suti yake na bendera yake, kila mpiga picha wa mji huu atamkimbilia. Unajua atajisikiaje?"

"Nitamwambia kesho."

"Wakati mama yangu anafariki, huyu hapa alikuwa kwenye korido ya hospitali akijiita mpangaji wangu," Bwana Kuan alisema, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Kesho naijua vizuri sana. Saa nane tunashuka. Tukikuta hujamwambia, namwambia mwenyewe, na wewe utasimama pembeni ukisikia kwa mdomo wa mgeni."

Bwana Teng alimwekea Su-ping bakuli lake mikononi, akamwambia ale kwanza, maana mtu hasemi jambo kama hilo na tumbo tupu. Su-ping alikula vitumbua viwili pasipo kusikia ladha. Ilikuwa saa saba na robo. Akashuka.

Mzee alikuwa ndani ya basi, amejimiminia chai kwenye kifuniko cha chupa, anakula mkate wa mvuke. Wa pili alikuwa amemwekea bintiye. Su-ping alikaa kiti cha Bwana Kuan, akautazama mgongo wa baba yake, mgongo aliokuwa akiutazama tangu ana miaka mitano, likizo zote, njia za nchi nzima. Aliona aibu. Aliona pia hofu, hofu ya kitoto kabisa, ya kwamba mgongo ule ukigeuka hautakuwa tena wa mtu anayempenda.

"Baba. Mimi pia ni komredi."

Mzee aligeuka na mkate mdomoni. Akautafuna, akaumeza, akasimama. Akaishika mikono yote miwili ya bintiye na macho yakamjaa machozi.

"Lini? Tawi gani? Mbona umenificha, A-ping? Nimekaa miaka ishirini sikuulizi, nasema nisimlazimishe, akitaka ataingia mwenyewe. Mama yako angekuwepo." Alitikisa mikono ile juu chini. "Komredi Fang Su-ping. Haya, sema mwenyewe. Lini?"

Na hapa lazima isemwe kwamba Su-ping alifikiria kuishia hapo. Jioni angerudi nyumbani akamwambia Yi-chen nimemwambia, kwa neno lenyewe hasa, na isingekuwa uongo. Baba yake amefurahi, Yi-chen habebi maboksi, Bwana Kuan angetafutiwa maelezo. Kwa sekunde kadhaa, mikono yake ikiwa ndani ya mikono ya mzee, aliliona neno lile kama blanketi, na alitaka kulala humo.

"Baba, keti," alisema. "Sikuingia Chama. Hawa nao sio watu wa Chama. Hilo neno siku hizi lina watu wengine." Akaonyesha kwa kidevu ngazi walikopanda abiria. "Ni wanaume wenye wapenzi wanaume. Wanawake wenye wapenzi wanawake. Ndio wanaojiita makomredi. Na mimi ni mmoja wao. Yi-chen sio mwenzangu wa nyumba. Ni mwenzangu."

Mvua iligonga paa. Mzee aliiachia mikono ya bintiye, sio kwa kuirusha, aliiachia tu. Akakaa kwenye kiti cha dereva, akitazama mbele ingawa basi halikuwa linakwenda popote.

"Wale wazee wawili," alisema.

"Miaka thelathini na minane."

"Na ile bustani."

"Walikuwa wakikutana pale. Miaka hiyo hiyo ya kwenu. Labda benchi la jirani."

"Nimesema mbele ya watu kwamba mke wangu alikuwa ananinunia."

"Ndiyo, Baba."

"Wamenicheka."

"Walidhani unajua. Walikupenda. Yule mwalimu wa Penang alikuwa analia kule nyuma kwa vile ulivyomshika mkono. Aliyekucheka ni mimi, kwa kunyamaza."

Mzee aliigusa beji yake kwa kidole, lakini hakuivua. Akasema ndiyo maana Yi-chen alimkataa yule mpwa wa Lao Hsu, kijana mzuri, mwenye nyumba. Kisha akasema mvua inazidi, akawaite abiria wake.

Kushuka mlima ule ndiko kulikokuwa kugumu kuliko yote. Bwana Kuan aliingia wa mwisho, akamtazama Su-ping, Su-ping akaitikia kwa kichwa, na habari ikapita basini kiti kwa kiti kwa kunong'onezana. Hakuna aliyecheka tena. Ukungu ulikuwa umefunika kona zote. Mzee Fang alikuwa dereva wa kubadilisha gia na chai isimwagike kwenye kikombe cha abiria. Sasa gia zilisaga meno, na mara mbili taa za basi ziliangaza ukingo wa barabara karibu mno. Su-ping, kwenye kiti chake kidogo kando ya mlango, alishika chuma mpaka vidole vikafa ganzi. Hakuthubutu kusema polepole, Baba.

Kwenye kona ya nne lori lilitokea likiwa limechukua nusu ya upande wao. Mzee alikanyaga breki, basi likayumba mkia, likasimama hatua chache kutoka kwenye ukingo. Lori likapita likipiga honi. Injini ilikuwa imezima. Mzee aliweka mikono mapajani.

Hakuna aliyesogea. Kisha Bwana Kuan, ambaye uso wake ulikuwa mweupe kama karatasi, akainama mbele.

"Komredi dereva," alisema taratibu. "Sisi hatuna haraka."

Mzee hakugeuka. Su-ping hakujua kama baba yake angefungua mlango akaondoka kwa miguu kwenye mvua.

"Nikishawapakia nawafikisha," alisema hatimaye, na akawasha injini.

Waliingia uwanja wa Jumba Jekundu saa kumi na moja kasorobo. Mwalimu wa Penang ndiye aliyekuwa wa kwanza kushuka. Asubuhi alikuwa amemshika mzee mkono. Sasa aliogopa hata kumwangalia. Alisema asante, Mzee, akaharakisha.

"Karibu tena, komredi," Mzee Fang alimjibu.

Haikuwa sauti ya asubuhi. Ilikuwa kavu, ya mtu anayebeba kitu kizito na kuhesabu hatua. Lakini alikuwa amewapa neno lile mwenyewe, kwa mikono miwili, na hakuwa mtu wa kumpa mgeni kitu asubuhi akamnyang'anya jioni. Alilisema kwa mwalimu wa pili, kwa vijana wanne, kwa Bwana Teng. Kwa Bwana Kuan alilisema akimtazama machoni, na Bwana Kuan akainamisha kichwa chini sana, kama watu wa zamani. Wanane wote.

Akabaki Su-ping, mguu mmoja kwenye ngazi.

"Hao ni abiria," mzee alisema, mikono kwenye usukani. "Abiria neno moja linawatosha. Wewe ni mwanangu. Lako sijalipata."

"Sina haraka, Baba."

"Mimi ninayo. Nina miaka sabini."

Su-ping alishuka.

"Nilimwahidi yule bwana Jumamosi," mzee alisema tena, akihangaika na kioo cha pembeni ambacho hakikuwa na tatizo. "Mwambie sitaweza. Mwambie goti linanisumbua."

"Nitamwambia."

Mlango ulianza kujifunga. Mzee akabonyeza kitufe, ukafunguka tena nusu.

"Na Yi-chen naye umwambie hivyo hivyo. Asije akadhani nimemdharau."

Basi likaondoka kuelekea gereji, taa ya kugeukia ikiwaka mapema sana kabla ya kona, kama alivyozoea. Su-ping alisimama pale mpaka lilipopotea. Kisha akatoa simu, na Yi-chen akapokea kabla haijaita mara ya pili.

"Nimemwambia," alisema Su-ping. "Kwa maneno yote. Nimemwambia."

Upande wa pili maji yalikuwa yanatiririka kwenye sinki, yakafungwa.

"Kasemaje?"

"Kasema Jumamosi hatakuja. Nikwambie goti linamuuma, usije ukadhani kakudharau." Hapo ndipo sauti ilipomkatika, akalia katikati ya uwanja, watu wakimpita na vikombe vyao vya chai.

Yi-chen naye alikuwa akilia, alimsikia. Akapenga kamasi, akakohoa.

"Goti lipi?" akauliza.

Su-ping hakujua. Hakukumbuka kumuuliza.